Ua la Usambara lilipandaje meli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kitalu kidogo cha miche kando ya barabara ya Muheza kwenda Amani. Mwaka jana mgeni mmoja aliniambia kwamba kile kiua cha zambarau kinachoota kwenye majabali yenye kivuli kina jina la Mjerumani "aliyekigundua". Bibi yangu alikuwa akikiona tangu utotoni. Nataka kujua: hao wakusanyaji wa mimea wa zamani walifanyaje kazi yao? Mimea ilifikaje Ulaya bila kufa njiani? Nani aliwaonyesha ilipo? Na je, kuna karatasi zozote ambazo mtu kama mimi anaweza kuziona?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo neno "aliyekigundua", maana naona ndilo lililokuchoma. Lilinichoma na mimi miaka mingi, mpaka nilipoanza kufanya kazi ndani ya hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Humo ndimo nilimojifunza kulisoma jina la Kilatini kama risiti ya posta. Linakuambia nani alituma furushi, nani alilipokea na mwaka gani likaandikwa kitabuni. Aliyeujua mmea huo kwanza ni nani, risiti haisemi, na haikutengenezwa iseme.

Risiti ya ua lako inasomeka hivi. Mwaka 1892 ofisa wa serikali ya Kijerumani huko Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwa baba yake huko Silesia, jimbo la Ujerumani ya wakati ule, mzee aliyekuwa na mapenzi makubwa ya miti na maua. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover. Wendland akaziotesha, ua likachanua, naye mwaka 1893 akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa familia ya baron. La pili maana yake ni "lenye maua kama ya urujuani". Mwaka huo huo likaonyeshwa Ghent, Ubelgiji, watu wakalishangaa.

Mgeni wako alikuhadithia hadi hapo. Kilichobaki kimo kwenye jalada, London. Mwaka 1884, miaka minane kabla ya baron, Dokta John Kirk wa Unguja alikuwa ameshapeleka mmea huo bustani ya mimea ya Kew, huko huko London. Mwaka 1887 mmisionari William Taylor wa Mombasa akapeleka wa pili, kutoka upande wa Giriama na Shimba. Wataalamu wa Kew wakaviangalia vile vielelezo vikavu, wakaona havitoshi kuandikia maelezo ya mmea mpya, wakavirudisha kabatini. Baron aliwashinda kwa sababu alipeleka mbegu hai, na mbegu hai hutoa ua mbichi linaloweza kuchorwa na kupimwa. Kumtangulia mtu msituni hakukusaidia kitu kama furushi lako halikumtosheleza mpokeaji.

(Na kama hiyo haitoshi: mwaka 2015 wataalamu walichunguza nasaba ya kiua hicho wakaona ni tawi tu la jenasi (kundi la mimea ya karibu) kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus. Siku hizi jina rasmi ni Streptocarpus ionanthus. Jina la baron limebaki midomoni mwa wauza maua.)

Kuna bustani yangu moja ninayoirudia kila nikieleza habari hizi, nayo ni hiyo Kew, kando ya mto Thames. William Hooker aliishika mwaka 1841, mwanawe Joseph akamrithi mwaka 1865, na mkwe wa Joseph, William Thiselton-Dyer, akaichukua mwaka 1885 hadi 1905. Yaani karibu enzi yote ya Malkia Victoria ilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja. Joseph alisafiri sana ujanani, akafika Antaktika na Himalaya, lakini nguvu ya Kew ilikuwa mezani, kwenye wino. Barua zilizoandikwa kwa wakurugenzi hao na waliowafuata zimejalidiwa majuzuu 218. Waandishi wake ni madaktari wa meli, makonseli (wawakilishi wa serikali zao ugenini), wamisionari, wanajeshi, wenye mashamba. Wengi hawakulipwa hata senti. Walipata majibu, vitabu, mbegu za kupanda kwenye bustani zao za ugenini, na wakibahatika, jina lao kwenye ua.

Mfumo wenyewe ulikuwa rahisi kama daftari la duka la Mangi. Mkusanyaji anachuma matawi kadhaa ya mmea mmoja siku moja, mahali pamoja, anayapa namba. Tuseme 37. Tawi moja anabaki nalo, la pili linaenda Kew na namba ile ile. Baada ya miezi inarudi barua: namba 37 ni mmea fulani, namba 38 tunaujua, namba 39 hatujapata kuuona, tafadhali tafuta matunda yake. Kwa hiyo mtu hakuhitaji kuwa bingwa wa mimea. Alihitaji mkono safi, daftari, na subira ya kungoja meli. Mwaka 1849 jeshi la majini la Uingereza lilichapisha kitabu cha kuwafundisha maofisa wake kukusanya habari za kisayansi kokote watiako nanga, na sura ya mimea iliandikwa na William Hooker mwenyewe. Ofisa asiyejua tofauti ya mwarobaini na mkaratusi angeweza kuwa mkono wa Kew.

Kwetu pwani mkono huo ulikuwa Kirk, na huyu nitakaa naye kidogo kwa sababu habari zake zinagusa vitu unavyovijua.

Alikuwa Mskoti, daktari, aliyekuja Afrika mwaka 1858 na msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi akiwa mtaalamu wa mimea. Mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wake ulipinduka. Vilikwenda na maji vitabu vinane vya kumbukumbu na michoro ya mimea ipatayo mia. Kila nikifikiria hilo nashika daftari langu.

Ndiye huyo wa kisa cha mswaki. Watu wa bonde la Shire walikuwa na sumu ya mishale waliyoiita kombe (si kombe letu la kuandika kwa zafarani). Kirk akatia kipande mfukoni, na mfuko huo huo ndio uliokuwa na mswaki wake. Alipopiga mswaki akasikia uchungu usio wa kawaida. Mwingine angetema mate akaendelea na safari. Yeye akajishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akakuta yamepungua. Mmea huo Daniel Oliver wa Kew akauita Strophanthus kombe, na baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh akatoa ndani yake dawa iliyotumika kutibu moyo. Zingatia jina hilo. Hapa neno la wenyeji limeingia kwenye Kilatini lenyewe na limekaa humo mpaka leo. Lilipata nafasi kwa sababu mwenye kalamu aliuliza "mnaiitaje?" kisha akakumbuka kuandika jibu.

Mwaka 1866 Kirk akahamia Unguja, kwanza kama daktari wa ubalozi, mwishowe konseli mkuu, akakaa miaka 20 hivi. Wanahistoria humtaja kwa mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Wana mimea tunamtaja kwa shamba lake la Mbweni, alikojaribishia miche, na kwa mkoba wa barua za serikali, ambao mtu wa kawaida hakuwa nao. Mambo yalimrahisikia zaidi njia ya Suez ilipofunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 zilipoanza meli za barua za moshi kati ya Aden na Unguja. Kabla ya hapo barua ilingoja meli ya bahati.

Chukua mfano wa vitu alivyoviandikia Ulaya: sandarusi, yaani utomvu wa mti ulioganda. Wakati ule ilikuwa bidhaa kubwa. Vanishi iliyotengenezwa kwayo ilipakwa magari ya farasi na samani za matajiri huko Marekani na Ulaya. Ya thamani ilifukuliwa ardhini Mrima, pwani ya bara, ikioshwa inatoka na vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ya bei ya chini ilitoka mtini, mbichi, wenyewe wakaiita chakazi. Wafanyabiashara wa Kizungu walilitafunatafuna neno hilo mpaka likageuka kuwa neno lao la punda dume, "jackass", na kwa jina hilo wakaiuza! Swali lililowasumbua wasomi ni hili: ile ya ardhini ilitoka mti gani, na mti wenyewe u wapi, maana mara nyingi ilichimbwa mahali pasipo na mti wowote wa namna hiyo? Kirk akaviandikia vyama vya wasomi London kwamba ni msandarusi ule ule, misitu yake ya kale imetoweka, utomvu umebaki mchangani. Wachimbaji wa Mrima, waliouza zote mbili kwa bei mbili, sidhani kama walishangaa sana.

Au mpira. Leo mtoto akisema mpira anawaza goli. Kabla ya hapo lilikuwa jina la mtambaazi wa porini unaotoa utomvu mweupe wa kunata. Kirk akaupeleka Kew, Thiselton-Dyer akauita Landolphia kirkii. Jina la mmea limekwenda kwa konseli. Neno la wagemaji limekwenda uwanja wa mpira.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Sultani. Kirk alipeleka Kew mmea wa shina laini lenye majimaji, maua mekundu ya kung'aa, na vitumba vinavyolipuka ukivigusa. Utakuwa nao kwenye kitalu chako, wengi huupanda kwenye makopo barazani. Mwaka 1882 Joseph Hooker akauchapisha kwa jina la Impatiens sultani, heshima kwa Sultani wa Zanzibar. Wakati huo alikuwa Sayyid Barghash. Fikiria, mtawala wa Unguja kwenye bustani za mabibi wa London. Lakini Hooker mwenyewe mwaka 1868 alikuwa ameshaandika mmea mwingine wa jamii hiyo, kutoka upande wa Zambezi, akauita Impatiens walleriana kwa ajili ya mmisionari Horace Waller, rafiki yake Kirk. Baadaye ikaonekana ni mmea mmoja. Sheria ya majina ya mimea haina huruma: jina lililotangulia kuchapishwa ndilo halali. Sultani akavuliwa ua, likabaki kwa mmisionari. Mamilioni ya watu wananunua miche yake kila mwaka na hawamjui yeyote kati ya hao wawili.

Sasa swali lako la safari. Mimea ilisafiri kwa namna tatu: ikiwa mikavu, ikiwa mbegu, au ikiwa hai.

Mikavu ndiyo mingi na ndiyo rahisi, kwa maneno tu. Unalaza tawi katikati ya karatasi za kunyonya maji, unabana kwa mbao mbili na mikanda, na kila siku unabadilisha karatasi zilizolowa. Kwenye kiangazi cha Dodoma hata mvivu anafanikiwa. Amani ni kitu kingine. Nikiwa mwanafunzi nilikusanya huko siku nne mfululizo kwenye mvua, usiku wa tatu nikalala kwa uchovu bila kubadilisha magazeti. Nilipofungua mbao nilikuta ukungu mweupe kama pamba kwenye kila jani, na majani ya mmea mmoja yameshaachia kwenye shina. Ndipo nilipowaheshimu wale wazee, ambao hawakuwa na jiko la umeme la kukaushia wala mfuko wa plastiki. Baada ya ukungu kuna wadudu. Huko Kew vielelezo vilipakwa chumvi ya zebaki, sumu kali, visiliwe. Vimeokoka, lakini hadi leo mtu hashiki karatasi za zamani kisha akala mkate bila kunawa.

Mbegu kavu husafiri kwa bahasha tu. Shida ni mbegu zenye mafuta, za mpira wa Brazil kwa mfano, ambazo hufa ndani ya wiki chache. Na miche hai ilikuwa shida kupita zote: miezi baharini, chumvi, joto la ikweta kisha baridi, na maji matamu ya melini yakihesabiwa kwa kikombe. Mabaharia hawakuona sababu ya kugawana maji yao na mgomba.

Aliyefungua fundo hilo hakulikusudia. Nathaniel Ward alikuwa daktari wa London aliyependa mikangaga, lakini moshi wa viwanda uliiua yote. Mwaka 1829 alifukia kifukofuko cha nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga, akingoja nondo atoke. Akaona kitu kingine: mchana unyevu unapanda, unagandamana kwenye kioo, unatiririka kurudi chini. Na kwenye udongo ule ule ukaota mkangaga na jani la nyasi bila mtu kumwagilia. Mwaka 1833 akatengenezesha masanduku mawili ya mbao na vioo, akayajaza mimea, akayapeleka Sydney melini. Yalifika salama. Yakarudi na mimea ya Australia, nayo ikafika London hai.

Liwaze sanduku la Ward kama kibanda cha kuku chenye paa la vioo. Chini udongo na kuvumwani, juu yake vipande vya mbao vimepigiliwa ili meli ikiyumba vyungu visiruke. Linafungwa, mianya inazibwa kwa lami ya kioo, linawekwa sitahani penye mwanga. Kioo kimoja kikivunjika na kisizibwe, chumvi inaingia na kazi imekwisha. Miche hai mingi iliyobadilisha bara katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilipitia sanduku la namna hiyo.

Na mingi haikuwa ya kupamba. Mwaka 1876 Henry Wickham alifikisha Kew mbegu 70,000 za mpira wa Amazon. Zilizoota ni kama 2,700, na nyingi zikapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwenye masanduku ya Ward. Mwaka huo huo mtunza bustani Robert Cross alitumwa Brazil hiyo hiyo akaleta mpira wa aina nyingine, wa Ceará. Huu wa pili unaujua sana: ndio uliopandwa na Wajerumani kwenye mashamba ya Muheza na Tanga, na ndio unaochuma majani yake kwa ajili ya kisamvu cha mpira. Miti ya Wickham ilipokomaa huko Asia na utomvu wake kufurika sokoni, bei ikaanguka, na mwaka 1913 mashamba ya mpira ya kwenu yakafa. Mizigo miwili ilitoka nchi moja mwaka mmoja, ikapitia mlango mmoja, na mmoja ukaja kuumaliza mwingine Muheza. Tukabaki na mboga. Nzuri, lakini mboga.

Mkonge nao umetokana na karatasi ya Kew. Daktari wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alisoma habari za nyuzi hizo kwenye jarida la bustani hiyo. Mexico haikutaka miche itoke. Lakini katika miaka ya 1830 konseli wa Marekani huko Campeche, Henry Perrine, alikuwa ameshaipeleka Florida. (Unaona? Konseli tena.) Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Hamburg ilifika hai kama 200. Pwani yetu, mwaka 1893, ilifika 62. Kutoka hiyo 62 ukatoka mkonge wote ambao babu zako pengine waliukata kwa kadi.

Je, ulikuwa wizi? Umeuliza kwa adabu lakini nimelisikia swali. Nitakujibu ninavyoona mimi. Kuna mahali ulikuwa wizi mtupu, na kuna watu walioumia kwa ajili yake. Manuel Incra Mamani wa Bolivia alimtafutia Mwingereza Charles Ledger mbegu bora za mti wa kwinini. Wakubwa wa kwao wakamfunga, wakampiga, akafa kwa majeraha hayo, na utajiri ukaenda mashamba ya Waholanzi huko Java. Kuna mahali ilikuwa biashara ya kawaida ya bahari: mikarafuu ya Unguja yenyewe ilitoka ng'ambo, ikaletwa na Waarabu mwanzoni mwa karne ya 19, na hakuna aliyeomba ruhusa Molukka, visiwa vya Indonesia ya leo vyenye asili yake. Na kuna mahali ilikuwa udadisi wa daktari mpweke mwenye jioni ndefu. Leo mambo yana sheria. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa, inataka idhini ya wenye mmea na mgawo wa faida. Wakati wa ua lako hapakuwa na kitu hicho. Mwaka 1927 bustani moja ya Los Angeles ilianza kuliuza kwa wingi kutokana na mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza. Usambara haikuandikwa popote kwenye hesabu hiyo.

Ila kinachoniuma zaidi ni majina. Umeuliza nani aliwaonyesha. Karibu kila mara jibu ni: mtu wa hapo, na hakuandikwa. Grant, aliyetembea na Speke kutoka pwani hadi Nile kati ya 1860 na 1863, mimea yake ilibebwa na wapagazi, na orodha yake ikachapishwa London kwa fahari. Charles New wa misheni ya Ribe alipanda Kilimanjaro hadi theluji mwaka 1871, akachuma njiani. Kiua kimoja kinachoota juu kabisa ya mlima ule kinaitwa Helichrysum newii. Wachagga walioijua njia hawamo kwenye jina.

Taylor ndiye mfano unaonikera na kunisaidia kwa pamoja. Ni yule yule Taylor aliyekusanya methali za Waswahili na mashairi ya Muyaka bin Haji. Katika mashairi tunamjua fundi wake: Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemtafutia tungo na kumfafanulia maneno. Mtu yule yule, miaka ile ile, akipanda Shimba kuchuma kiua cha zambarau, ghafla hana mtu wa kutajwa. Adabu ya kutaja alikuwa nayo. Kwenye lebo ya mmea hakuona kama inahitajika.

Sasa, karatasi. Zipo, na nyingine huhitaji viza. Kew imepiga picha karatasi zake na kuziweka mtandaoni bure. Tafuta kwa jina la mkusanyaji pamoja na mahali. Barua nyingi za wakurugenzi zimepigwa picha pia, ila mara nyingine unazifikia kupitia maktaba ya chuo kilicholipia. Tumia tahajia za wakati ule: Mombassa, Zanguebar, na majina ya miti yaliyoandikwa kwa alama baada ya M, kama M'pira. Ukikuta jina la Kiswahili au Kisambaa pembeni mwa lebo, kwa wino uliofifia, hapo ndipo penye sauti ya yule asiyetajwa. Nairobi kuna Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo asili yake ni hapo hapo kwenu: ilianzia Amani mwaka 1902 ikahamishwa mwaka 1950. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina yake. Andika barua ya kuomba, utapokewa.

Kwenye vitabu utakutana na alama ya B yenye kimsalaba pembeni. Usidhani ni dini. B ni Berlin, na kimsalaba ni kwamba karatasi hiyo imeteketea. Mwezi Machi 1943 mabomu yalichoma hebaria ya Berlin, na humo ilikuwemo mimea mingi ya Usambara, pamoja na ile aliyoikusanya Carl Holst kuanzia mwaka 1891. Tunachoweza kukisoma leo ni zile nakala zilizokuwa zimeshagawiwa bustani nyingine kwa posta, namba kwa namba. Ule mfumo wa daftari la Mangi ndio uliotuokolea kiasi hicho.

Nina ombi moja kwako. Usiking'oe kiua hicho msituni ukiuze. Kilichobaki porini ni kidogo. Jani moja lenye kikonyo chake, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, litakupa miche ya kutosha kitalu kizima. Na ukipata nafasi, ukiwa na ruhusa ya hifadhi, kausha kielelezo kimoja chenye ua na tunda, ukipeleke Dar es Salaam. Kwenye lebo andika mahali, mwinuko, tarehe, jabali lilivyo, na namba yako ya kwanza, 1. Kisha andika jina analolitumia bibi yako kukiita, herufi kwa herufi anavyolitamka, na mbele yake jina la bibi mwenyewe, kama atakubali. Kwa mvua za huko, magazeti yabadilishe asubuhi na jioni.